Haidrojeni Safi Nyanda za Juu Kusini: Tuanze na Mbolea, Sheli Itafuata

Barabara ya TANZAM ikishapita Ruaha Mbuyuni inaanza kupanda Kitonga, na hapo ndipo dizeli inapodai chake. Malori ya mzigo wa Zambia na Kongo yanapanda kwa gia ndogo, moshi ukitanda bondeni, kisha yanashika Ilula, Iringa, Mafinga, Makambako na Uyole mpaka Tunduma. Kila lita inayoungua kwenye safari hiyo imeagizwa ng'ambo kwa dola. Kwa hiyo mtu akisema ipo gesi inayotengenezwa kwa maji na umeme wetu wenyewe, na gari linaloitumia hutoa mvuke wa maji tu, lazima watu wasikilize.

Gesi hiyo ni haidrojeni. Mazungumzo yake yamejaa ahadi kubwa na hofu kubwa, na mara nyingi ahadi si mahali pake na hofu si mahali pake. Naamini haidrojeni safi ina kazi ya kweli katika mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Ila kazi yake ya kwanza si ile inayotajwa kwanza.

Inatoka wapi

Haidrojeni kwa kawaida haikai peke yake. Imeshikamana na oksijeni kwenye maji, na kaboni kwenye gesi asilia, mafuta na makaa ya mawe. Kuitenga kunakula nishati, na nishati hiyo daima ni kubwa kuliko ile utakayorudishiwa ukiitumia. Maana yake haidrojeni si chanzo cha nishati. Ni kama dumu: halitoi maji, linayabeba tu kutoka kisimani hadi nyumbani, na dumu hili linavuja njiani. Kabla ya kulisifia dumu, uliza kisima ni kipi.

Mwaka 2023 dunia ilitumia karibu tani milioni 97 za haidrojeni, nyingi kwenye viwanda vya kusafisha mafuta na vya mbolea. Iliyotengenezwa kwa njia safi haikufika asilimia 1. Iliyobaki karibu yote ilitokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Kilo moja inayotolewa kwenye gesi asilia huacha hewani kilo 9 au 10 za hewa ukaa, na ya makaa ya mawe huacha karibu kilo 20. Wataalamu wameipa rangi: ya kijivu ni ya gesi asilia, ya bluu ni hiyohiyo lakini hewa ukaa yake imekamatwa na kuzikwa ardhini, ya kijani ni ya maji yaliyochanganuliwa kwa umeme wa maji, jua, upepo au jotoardhi. Makaa ya Kiwira yanaweza kutoa haidrojeni bila shida ya kiufundi, lakini kuiita safi itakuwa uongo.

Njia ya kijani ni ya zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Waingereza William Nicholson na Anthony Carlisle walichanganua maji kwa umeme mwaka 1800. Unazamisha vyuma viwili ndani ya maji yaliyoongezwa kemikali ya kupitisha umeme, upande mmoja unatoka haidrojeni, mwingine oksijeni, na utando katikati unazuia gesi hizo zisikutane. Mitambo ya aina kongwe inatumia nikeli na magadi makali ya potasiamu. Mipya zaidi inatumia platinamu na iridiamu, na bei yake inaonyesha.

Jambo moja la pembeni, kwa sababu nimeona likichanganywa mara kwa mara. Gesi inayotafutwa kwenye bonde la Ziwa Rukwa ni heliamu. Heliamu haiungui na haiendeshi gari. Ina thamani yake hospitalini na viwandani, lakini haihusiani na habari hii.

Hesabu ya uniti

Kilo moja ya haidrojeni ina nishati ya uniti 33 za umeme, sawa na dizeli lita tatu na kidogo. Kuitengeneza kwa mitambo ya leo kunakula uniti 50 hadi 55. Kuibana iingie kwenye tanki la gari kunakula nyingine kadhaa. Ndani ya gari inapita kwenye seli ya fueli, kifaa kinachoikutanisha tena na oksijeni na kuzalisha umeme wa kuzungusha mota. Seli hiyo inarudisha karibu nusu. Kwa hiyo uniti zako 55 na ushee zinafika kwenye matairi zikiwa 16 au 17, chini ya theluthi. Betri ingerudisha nne kwa kila tano.

Sasa weka hesabu hiyo barabarani. Dar es Salaam hadi Tunduma ni kilomita 900 na kidogo. Lori zito la haidrojeni linakula kilo 8 hadi 10 kwa kila kilomita 100, basi safari moja ni takriban kilo 80, nazo zimetengenezwa kwa uniti 4,400. Lori la betri linakula kama uniti 1.4 kwa kilomita, yaani takriban 1,300 kwa safari ileile. Umeme uleule unaopeleka lori moja la haidrojeni mpaka mpakani ungepeleka malori matatu ya betri.

Haidrojeni ina ubora wake na sitaupunguza. Betri ya kuvuka masafa hayo ina uzito wa tani kadhaa, na tani hizo zinatolewa kwenye mzigo wa mteja. Tanki la haidrojeni linajazwa kwa dakika chache, betri inasubiri. Kwa mwenye lori, muda na uzito ni fedha. Lakini hili la muda lina nguvu ndogo kwetu kuliko Ulaya, kwa sababu lori linalokaa foleni ya Tunduma kutwa nzima lingeweza kuwa linachaji. Na Kitonga ina upande wa pili unaosahaulika: shaba ya Zambia na Kongo inashuka kuelekea bandarini. Lori la tani 50 likishuka mita 500 wima linaachia takriban uniti 68, ambazo leo zinaishia kuunguza breki. Mota ya umeme ingerudisha zaidi ya nusu yake kwenye betri.

Tusisahau TAZARA pia. Reli ya kilomita 1,860 inapita palepale, Makambako na Mbeya, na kila behewa la shaba linalorudi relini linaondoa lori barabarani bila kuhitaji gesi mpya yoyote. Kwangu mimi hilo linatangulia.

Sheli ya haidrojeni ina nini ndani

Hapa ndipo wengi wanapodhani ni suala la kuongeza pampu moja kando ya ile ya dizeli. Tazama kilichomo.

Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote. Kilo moja ikiwa huru inajaza zaidi ya mita 11 za ujazo, nafasi ya chumba kidogo. Ili iingie kwenye gari, inabanwa hadi mgandamizo wa mara 350 ya hewa ya kawaida kwa malori mengi, au mara 700 kwa magari madogo. Gesi asilia ya magari pale Dar es Salaam inabanwa mara 200 hadi 250 tu, na hata hiyo tumeona vituo vikiwa vichache na foleni zikiwa ndefu, ingawa bomba la gesi linapita mjini. Sheli ya haidrojeni inahitaji kompresa zenye nguvu zaidi, matanki ya akiba ya mgandamizo mkubwa, na jokofu la kuipoza gesi hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri pale inapojazwa kwa haraka, kwa sababu inapata joto ikiingia kwenye tanki. Usafi unaotakiwa kwa seli ya fueli ni asilimia 99.97, na uchafu kidogo wa salfa unaua kichocheo cha platinamu ndani yake. Kompresa ndiyo inayoharibika mara nyingi, na ikiharibika, sheli nzima imefungwa.

Kuileta kwa lori kutoka pwani? Lori zima la mitungi ya chuma hubeba kilo 300 hadi 400, ambazo kwa nishati ni kama lita 1,000 hadi 1,300 za dizeli. Tangi la kawaida la mafuta linabeba lita zaidi ya 30,000. Lori hilo lingepanda Kitonga kuleta gesi ya kutosha malori manne au matano tu. Mtu anaweza pia kuwaza kuipitisha kwenye bomba la mafuta la TAZAMA, lile lililojengwa mwaka 1968 na ambalo tangu 2023 linapeleka dizeli Ndola, Zambia. Halifai bila ukarabati mkubwa: haidrojeni hupenya ndani ya chuma na kukifanya kiwe rahisi kupasuka, na bomba hilo halikujengwa kwa ajili yake. Kwa nyanda za juu, basi, sheli ya haidrojeni lazima ijitengenezee gesi palepale, ikiwa na umeme wa uhakika na fundi wa karibu.

Waliotangulia wametufundisha kwa gharama yao. California ina vituo vingi kuliko sehemu nyingine ya Marekani, na mwaka 2023 kilo moja iliuzwa huko mpaka dola 36. Mwaka uliofuata kampuni ya Shell ikafunga vituo vyake vyote vya magari madogo jimboni humo. Karibu na Oslo, Norwe, Juni 2019, kituo kililipuka kwa sababu kifuniko cha tanki la mgandamizo mkubwa hakikufungwa ipasavyo. Hakuna aliyekufa, lakini mlipuko ulifyatua mifuko ya hewa ya gari lililokuwa karibu na watu wawili wakapelekwa hospitali.

Je, ni hatari kuliko mtungi wa gesi wa jikoni? Ni hatari kwa namna nyingine. Gesi ya kupikia ikivuja hukaa chini sakafuni, haidrojeni hupaa mara moja. Mahali pa wazi hiyo ni nusura, chini ya paa lililozibwa ni mtego. Inashika moto ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa iliyopo, cheche ndogo kabisa inatosha, na mchana mwali wake karibu hauonekani. Kwa hiyo mafundi wanahitaji vifaa vya kunusa gesi na kuona mwali, na mapaa yenye matundu juu. Yote haya yanafundishika. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kinaweza kuanza leo kufundisha uchomeleaji wa mabomba ya mgandamizo mkubwa na usalama wa gesi, bila kusubiri kituo cha kwanza kijengwe.

Nchi za kusini mwa Afrika zimechagua njia ya tahadhari, nami naiona ni ya busara. Walvis Bay, Namibia, wameweka kituo kinachotengeneza haidrojeni kwa jua na kuwapa watumiaji wa karibu, kwa injini zinazochanganya dizeli na haidrojeni. Afrika Kusini, kwenye mgodi wa Mogalakwena, mwaka 2022 walizindua lori la mgodi la haidrojeni linalobeba tani 290. Wote wana jambo moja la pamoja: gari halitoki mbali na gesi yake.

Umeme upo, lakini ni wa nani

Mito ya nyanda hizi ndiyo inayozungusha sehemu kubwa ya umeme wa nchi. Mtera ina megawati 80, Kidatu 204, Kihansi 180, na maji ya Ruaha Mkuu yanamwagika Rufiji kwenye Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115. Mufindi kuna Mwenga, mradi mdogo wa megawati 4 unaouzia vijiji na viwanda vya chai, na kando yake mitambo ya upepo ya megawati 2.4 iliyoanza 2020. Ngozi na Kiejo-Mbaka, huko Mbeya, zina jotoardhi linaloendelea kutafitiwa. Jotoardhi lingefaa sana haidrojeni, kwa sababu halijui kiangazi wala usiku.

Mtambo wa kuchanganua maji ni ghali, na ghali hiyo inalipika kama unafanya kazi saa nyingi. Ukiuwasha saa tano za jua kali tu, kila kilo inabeba mzigo wa mtambo uliolala saa kumi na tisa. Ukiuwasha usiku na mchana, unakula umeme ambao huenda Makete au Ileje wanausubiri. Bwawa la Nyerere limeleta ziada ambayo hatukuwa nayo, lakini mgawo wa mwishoni mwa 2022 bado tunaukumbuka, na ukame haujaondoka duniani. Umeme wa haidrojeni uwe wa ziada kweli, au wa chanzo kipya kilichojengwa kwa ajili yake. Vinginevyo tutakuwa tumeupunguza umeme safi sehemu moja ili kuutangaza sehemu nyingine, na pengo litazibwa na gesi ya Songo Songo.

Kuhusu maji, hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Watu wa Usangu wameona Ruaha Mkuu ikikauka wakati wa kiangazi tangu 1993, kwa hiyo wana haki ya kuuliza. Kilo moja ya haidrojeni inatumia lita 9 za maji kama malighafi. Ukijumlisha kusafisha na kupoza, zinafika 20 hadi 30. Kiwanda cha megawati 4 kikifanya kazi mwaka mzima kingetumia takriban mita za ujazo 18,000. Hekta moja ya mpunga inatumia zaidi ya mita 10,000 kwa msimu mmoja. Kiwanda hicho kingekunywa kama hekta mbili za mpunga. Maji ya kuogopewa ni yale ya kuzungusha mitambo ya umeme. Kihansi ilipoelekeza mto kwenye mitambo mwaka 2000, chura wa Kihansi aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale, na kwingine popote hayupo, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Amerudishwa kutoka Marekani alikofugwa, kwa kazi kubwa.

Mahali ambapo haidrojeni haina mbadala

Kwenye magari haidrojeni inashindana na betri na reli. Kwenye mbolea haina mshindani. Naitrojeni yote ya mbolea za urea, CAN na DAP inaanzia kwenye amonia, na amonia ni naitrojeni ya hewani iliyounganishwa na haidrojeni. Leo hakuna njia nyingine ya kiwanda. Mkulima wa mahindi wa Mbozi au Ludewa anatumia haidrojeni kila msimu bila kuambiwa, ila imetengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe ya nchi za mbali, ikasafiri baharini, ikapanda Kitonga kwa dizeli. Vita vya Urusi na Ukraini vilipoanza 2022 bei ikaruka, na tukaona kina mama wakipunguza vipimo shambani.

Kutengeneza mbolea kwa umeme wa maji kumewahi kufanyika, hata Afrika. Wanorwe walitengeneza haidrojeni ya mbolea kwa umeme wa maporomoko ya Rjukan kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920. Misri ilifanya hivyo Aswan kwa umeme wa Nile miaka ya 1960. Zimbabwe ilifanya hivyo Kwekwe kuanzia miaka ya 1970 kwa umeme uliotegemea Kariba, na wakulima wake wakapata naitrojeni ya nyumbani kwa zaidi ya miaka 40, mpaka upungufu na bei ya umeme vilipouzima mtambo katikati ya miaka ya 2010. Kwekwe ndiyo somo letu la karibu kuliko yote. Teknolojia haikushindwa, mkataba wa umeme ndio ulioshindwa.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kuzipata kwa njia ya umeme kunahitaji kilo 28 za amonia, ambazo ndani yake mna kilo 5 za haidrojeni, na jumla ya uniti kama 280. Tuchukulie uniti moja ni shilingi 150: umeme peke yake ni shilingi 42,000, kabla ya mtambo, mishahara na usafiri. Kwa bei ya kawaida ya soko la dunia hiyo ni ghali. Kwa bei ya 2022 inashindana. Kwa uniti ya shilingi 80, pengine umeme wa masika usio na mnunuzi, inashinda miaka mingi.

Na masika ndiyo hoja ninayoipenda zaidi. Mabwawa yetu yanajaa Machi hadi Mei, wakati matumizi ya umeme hayaongezeki. Mbolea inatakiwa Novemba hadi Februari. Amonia, tofauti na haidrojeni, inahifadhika: ikipozwa nyuzi 33 chini ya sifuri inakuwa kimiminika na kukaa tankini miezi. Mvua ya Aprili inaweza kugeuzwa mbolea ya Desemba. Betri haiwezi kufanya kazi hiyo.

Ugumu upo. Urea inahitaji hewa ukaa ambayo mtambo wa kijani hauna, kwa hiyo bidhaa inayofaa ni CAN, ambayo ni amonia nitreti iliyochanganywa na chokaa. Chokaa tunayo Songwe, pale kiwanda cha saruji kinapochimba, na reli inapita jirani. Amonia yenyewe ni sumu, na tanki lake haliwekwi karibu na makazi. Amonia nitreti isiyochanganywa ni ya kuogopwa: tani 2,750 zilizotelekezwa ghalani ndizo zilizobomoa bandari ya Beirut Agosti 2020. Chokaa inapunguza sana hatari hiyo, na ukaguzi mkali unafanya kazi iliyobaki.

Chuma cha Liganga, Ludewa, nacho kinatajwa, kwa kuwa Wasweden wamezalisha chuma kwa haidrojeni badala ya makaa. Tani moja inahitaji zaidi ya kilo 50 za gesi hiyo, na mawe ya Liganga yana titaniamu nyingi inayozidisha ugumu. Si mradi wa kuanzia.

Wa kuanzia ningeuweka Makambako. Pale TANZAM inakutana na barabara ya Songea, TAZARA ina stesheni, njia kubwa ya umeme inapita, na upepo wake kila msafiri anaujua. Mtambo wa megawati 4, ukubwa wa Mwenga, ukifanya kazi saa zote ungetoa tani 9 na nusu za amonia kwa siku, naitrojeni ya mifuko zaidi ya 330 ya urea. Ni kidogo kwa taifa, ni kingi kwa wilaya mbili tatu, na mnunuzi anajulikana kabla ya msingi kuchimbwa: vyama vya ushirika vya Njombe, Mbarali na Mufindi vinavyoagiza mbolea kila mwaka. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ikubali bei maalumu ya umeme wa masika kwa mkataba wa miaka isiyopungua 15, kwa sababu ni hapo Kwekwe ilipokatikia. TBS, shirika la viwango, iandae viwango vya haidrojeni na amonia sasa, si baada ya ajali. Nozeli ya kwanza ya kujaza magari ikae ndani ya geti la kiwanda hicho, kwa malori yake yanayopeleka mbolea Njombe na Mbarali asubuhi na kurudi jioni, na fundi wa kompresa akiwa hatua chache kutoka hapo.